Wajuzi wa Dungu la Mashariki

Siku maswali ya simu yalipofika, Sofia alikuwa anatwanga pilipili. Alikuwa amejifunga kanga puani na mdomoni, machozi yanamtiririka kama kawaida ya kazi ile, na hakuweza kwenda mara moja kuona kwa nini wenzake wamekusanyika kwenye kichuguu. Kichuguu kile, nyuma ya stoo ya shirika, ndicho kilichokuwa mahali pekee kijijini ambapo mtandao ulishika bila kukatika. Mtu akitaka kuongea na Nachingwea alipanda pale juu, akasimama wima kama mwadhini, na mambo yake yote yakasikiwa na waliokaa chini.

Aliyekuwa juu siku hiyo ni kaka yake mkubwa, Seleman. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa walinzi wa mashamba, na kati yao wote yeye peke yake alikuwa na simu ya kugusa. Shirika lililowaajiri lilikuwa na ofisi Nachingwea mjini, na shabaha yake ilikuwa moja: tembo wasimalize mahindi ya watu, na watu wasiwamalize tembo. Huko kwao, mbele ya Kilimarondo, pori linaanzia pale shamba linapoishia, na tembo hajui mpaka. Walinzi walikaa juu ya madungu, vichanja virefu vya miti, pembezoni mwa mashamba, na tochi na honi. Sofia aliajiriwa kutengeneza matofali ya pilipili na kinyesi cha tembo, yale yanayochomwa ili moshi wake umgeuze mnyama.

"Sofia, njoo ujibu na wewe," Seleman aliita. "Usije ukasema nilikuficha."

Akaenda na mtwango wake mkononi. Ujumbe wa ofisi ulisema kila mtumishi ajaze dodoso la mtandaoni, ili ijulikane nani anahitaji kufundishwa nini, kisha mfumo wenyewe utampangia mafunzo na kituo cha kazi. Kila swali lilikuwa na majibu ya kuchagua, kuanzia "sijui" mpaka "ninajua sana". Seleman aliyasoma kwa kuvuta sauti, kama mtu anayetangaza ndoa.

"Unajua kuusoma upepo kabla ya kuwasha moshi?"

Waliokaa chini wakaguna. Upepo nani haujui.

"Unajua dalili za tembo jike mwenye ndama, na namna ya kumwachia njia?"

Hassani, mdogo wao wa mwisho, ambaye alikuwa amewaona tembo mgongo tu kwa mbali, alitazama miguu yake. Abdala, jirani yao wa dungu la pili, alikohoa.

"Jamani," Seleman akasema, "tumetoka jandoni au hatujatoka? Mtu mzima anaulizwa unajua, anasema sijui?"

Wakacheka. Kisha akashusha sauti, akawakumbusha shirika lililokuwepo kabla ya hili. Nalo lilianza hivyohivyo, kwa upole, kwa kuuliza. Waliosema hawajui hawakuitwa tena msimu uliofuata. Mwajiri, Seleman alisema, hakuulizi usichokijua ili akupe pole. Akabonyeza "ninajua sana". Akaingiza namba ya utumishi ya Hassani, akabonyeza vilevile. Akaingiza ya Abdala. Ilipofika zamu ya Sofia, yeye alitikisa kichwa.

"Mimi weka sijui, kaka. Mimi ni mtu wa kinu."

"Wewe ndiye uliyemaliza kidato cha nne hapa. Ukisema wewe hujui, sisi tutasema nini?"

Akamwekea "ninajua sana" toka mwanzo mpaka mwisho, akashuka huku anapangusa kioo cha simu kwa shati lake. Sofia alicheka pamoja na wengine, akarudi kwenye kinu.

Baada ya muda alikuja afisa mafunzo, Bwana Titus, kwa pikipiki yake iliyojaa vumbi, kuwapongeza. Alieleza kwamba kwenye kompyuta ya ofisi kila kijiji kilionekana kwa rangi. Chao kilikuwa kijani kitupu. Malolo, upande wa Ruangwa, palikuwa pekundu tupu. Huko karibu kila mlinzi alijibu hajui. Kwa hiyo mkufunzi alikuwa amepelekwa Malolo, maana dawa hupelekwa kwa mgonjwa. Walinzi walifurahi sana. Kwa wiki kadhaa Malolo likawa neno la mzaha: mtu akijikwaa, akimwaga maji, akisahau tochi, aliambiwa amekuwa mtu wa Malolo. Seleman alikwenda gulioni Ruangwa akawatania wenyewe usoni, akawasimulia mpaka namna alivyosimama kwenye kichuguu akijibu kwa niaba ya kikosi kizima.

Mahindi yakaanza kukomaa, na tembo wakaja.

Ilikuwa asubuhi, jua halijapanda. Tembo jike aliingia shambani upande wa dungu la mashariki. Nyuma ya dungu hilo ndipo lilipokuwa shamba la mama yao, Bi Zuhra, na Seleman alikuwa amelichagua dungu hilo kwa sababu hiyo. Alimwona mnyama mmoja, akashuka na honi yake kumfukuza. Hakuona kwamba ndama alikuwa ameshatangulia, amesimama kwenye mbaazi, na kwamba yeye Seleman sasa alikuwa katikati ya mama na mtoto wake. Abdala aliona yote kutoka kwenye dungu lake. Hakuweza kusimulia vizuri hata mara moja. Alisema tu kwamba honi ililia, ikalia tena, na ya pili haikumalizika.

Wakamzika siku hiyohiyo baada ya adhuhuri. Wanaume waliomwosha hawakutaka wanawake wamwone, na Sofia hakulazimisha. Seleman alikuwa ameachana na mkewe miaka mingi nyuma, hakuwa na mtoto, kwa hiyo msiba ulikaa nyumbani kwa mama. Bi Zuhra hakulia kwa sauti. Alikaa mkekani, akautazama mlango, na mtu akimpa uji aliushika tu, bakuli likapoa mkononi mwake.

Kesho yake Bwana Titus alikuja kutoa rambirambi za ofisi. Alikuwa kijana mwenye adabu, akavua viatu mbali, akakaa chini kama wengine. Alisema ameagizwa kuandika taarifa, na kwamba angependa wazee wasikie atakachoandika. Akasoma kwenye simu yake: marehemu alikuwa na ujuzi wa juu kabisa katika kila eneo la kazi, na ajali imetokea licha ya ujuzi huo. Alisoma kwa huruma, kama anayemsifu. Baba yao mdogo aliitikia kwamba ni kweli, mtoto yule alikuwa anajua sana, na wanaume wengine nao wakaitikia. Sofia, aliyekuwa anasikiliza kupitia dirisha la jikoni, aliacha kuchochea moto.

Titus alipotoka, Sofia alimfuata mpaka kwenye pikipiki. Hapo ndipo alipoambiwa jambo la pili. Mfumo ulikuwa umeshapanga mtu wa kushika dungu la mashariki, na ataanza msiba ukianuliwa. Mtu huyo ni Hassani.

Sofia akamwomba kwamba Hassani apelekwe kwanza Malolo, kwa mkufunzi.

"Dada Sofia, mafunzo yanakwenda kwa mwenye kuyahitaji. Yeye mwenyewe amejibu anajua."

"Hakujibu yeye. Alijibu marehemu. Kwa simu moja, sisi wote."

Titus alitazama kushoto na kulia, akasogea karibu. "Usiniambie hilo mimi. Ukiniambia, itabidi niandike kwamba marehemu alidanganya." Alivaa kofia yake ngumu, kisha akaivua tena. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta, kwamba anavyojua yeye dodoso bado liko wazi. Hassani alifungue mwenyewe, ajibu upya, aseme hajui. Mfumo utamwona, utamtoa kwenye dungu, utampeleka kufundishwa. Yeye hatauliza kitu.

Simu ya Seleman ilikuwa kwa Sofia, imefungwa kwenye pindo la kanga. Alimtafuta mdogo wake, akamkuta nyuma ya choo amechuchumaa, anachora ardhi kwa kijiti. Akamweleza. Hassani alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Siwezi, dada."

"Unaogopa watakufukuza?"

"Wakinifukuza nitalima." Akavunja kile kijiti. "Tulijibu siku moja, jibu moja. Mimi nikisema sijui, nasema na Seleman hakujua. Wote hawa waliokuja kuzika watasema ameuawa na ujinga wake. Kaburi bado bichi, halafu mimi ndiye nimvue nguo?"

Sofia alimwambia aliye kaburini havuliwi nguo tena, anayevuliwa ni aliye hai. Hassani akaokota kijiti kingine. Mchana na usiku ule Sofia alijaribu kila njia aliyoijua, akamtuma na baba mdogo, lakini baba mdogo alirudi akisema kijana ana heshima kwa kaka yake na heshima haikemewi. Sofia akaona jinsi jambo litakavyokwenda. Msiba utaanuliwa, Hassani atavaa mabuti ya Seleman, atapanda kwenye dungu la Seleman, na asubuhi moja atashuka.

Siku ya tatu alikuja mtani.

Ukoo wa kina Sofia ulikuwa na watani wao Malolo tangu enzi za babu. Kila anayetoka sehemu zile anajua kazi ya mtani msibani. Huzuia njia ya makaburini mpaka apewe chochote, huepua chungu cha wafiwa akala yeye, humwigiza marehemu alivyotembea na alivyokula. Hasemi uongo, na hakasirikiwi. Mfiwa akimkasirikia mtani hutozwa faini, na faini anaitaja mtani mwenyewe. Safari hii aliyekuja ni Bi Faudhia, mwanamke mnene muuza karanga, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Alishuka kwenye bodaboda akilia kweli, kwa sababu Seleman alikuwa mteja wake. Akamkumbatia Bi Zuhra muda mrefu. Kisha akafuta uso, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kazi.

Aliingia ndani bila hodi, akatoka amevaa mabuti ya Seleman na kile kizibao chake cha manjano cha ulinzi, ambacho hakikumfunga kifuani. Alikigeuza kinu cha Sofia juu chini, akapanda juu yake. Mkononi alikuwa na muhogo uliomenywa. Watu walishaanza kucheka kabla hajafungua mdomo, maana alisimama vilevile kama Seleman, mguu mmoja mbele, kidevu juu.

"Kimya!" akasema. "Mtandao umeshika. Ofisi inauliza. Unajua kupika ugali?" Akaubonyeza muhogo kwa kidole. "Ninajua sana! Unajua kuzaa? Ninajua sana! Unajua kuruka kama kunguru? Ninajua sana, na mdogo wangu mwandikieni hivyohivyo, na dada yangu, na mbuzi wetu!"

Wanawake waliangua kicheko, kile kicheko cha msibani kinachotoka pamoja na machozi. Hata baba mdogo alificha uso kwenye kofia. Bi Faudhia akausogeza muhogo machoni kama anayesoma herufi ndogo.

"Unajua kufa?" Akautazama muhogo, akashusha mkono. "Hilo," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "ndilo alilojibu kweli."

Kicheko kikakatika. Hassani alikuwa ameshasimama. Alipita katikati ya watu, akakanyaga mkeka wa wazee, akakishika kile kizibao begani.

"Vua," akasema. "Vua nguo ya kaka yangu."

Mtu amemkasirikia mtani, tena mbele ya mama yake. Mzee mmoja akasema polepole kwamba hapo pana faini, na mwingine akainuka kwenda kukamata kuku ili aibu iishe upesi. Bi Faudhia akamzuia kwa muhogo.

"Sitaki kuku. Faini yangu naitaja mimi." Akashuka kwenye kinu, akamsogelea Hassani mpaka wakatazamana. "Nitakuuliza kama simu ilivyouliza, na wewe mwenyewe utajibu. Tembo jike yuko mbele yako. Ndama wake yuko nyuma yako. Unafanyaje?"

Hassani alikiachia kile kizibao. Alimtazama baba mdogo, na baba mdogo akatazama pembeni. Alimtazama Sofia. Mwisho alimtazama mama yake, ambaye toka siku ya maziko hakuwa ametamka neno.

"Mlipe mtani, Hassani," Bi Zuhra akasema.

"Sijui."

"Sijasikia. Na aliyelala kule hajasikia."

"Sijui," Hassani akasema kwa nguvu, akakaa palepale chini kwenye vumbi.

Kisha kutoka nyuma, karibu na ukuta, Abdala akasema, "Na mimi sijui. Nilikuwa naangalia, na sikujua nimwambie nini." Alianza kulia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile.

Bi Faudhia alivua kizibao, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani kwa mama. Utani ulikuwa umekwisha, na sasa alionekana mtu aliyechoka tu na safari. Alisema Malolo waliposema hawajui walichekwa mpaka gulioni, wakavumilia. Mkufunzi alikuja, wakafundishwa. Shemeji yake ni mlinzi kule, na jambo la kwanza alilofundishwa ni hili: ukimwona jike peke yake, hushuki kwenye dungu, unatafuta kwanza ndama yuko wapi.

"Ni hilo tu?" Hassani akauliza.

"Yapo na mengine," akasema. "Ila hilo lingetosha."

Jioni hiyo Sofia alikwenda na Hassani kwenye kichuguu. Walipanda wote wawili. Sofia alifungua dodoso, akaingiza namba ya utumishi ya mdogo wake, wakasubiri kile kiduara kizunguke. Maandishi yalipotokea aliyasoma mara moja kimoyomoyo, kisha kwa sauti, kwa sababu Hassani alikuwa anamtazama.

Yalisema: Namba hii imeshajibu. Asante kwa ushirikiano wako.

Alijaribu tena. Akajaribu ya Abdala, akajaribu yake mwenyewe. Asante, asante. Akampigia Bwana Titus, na Titus akasikika akibonyeza kompyuta upande wa pili kwa muda mrefu. Alikuwa hajui kwamba mtu hujibu mara moja tu kwa mwaka. Alisema atawaandikia waliotengeneza mfumo, wako Dar es Salaam, watajibu. Kwa sasa jina la Hassani linabaki pale lilipo, na asipopanda dungu atahesabiwa ameacha kazi.

"Basi ameacha," Sofia akasema.

Asubuhi Hassani aliondoka na Bi Faudhia kwenda Malolo, kwa ile bodaboda, watu wawili na gunia tupu la karanga katikati. Alisema atakaa kwa yule shemeji na atapanda naye kwenye dungu lake mpaka ajue. Sofia alimpa kanga ya kujifunika. Hakuna aliyemsifu. Kijijini walisema ametoroka msiba wa kaka yake, na mahindi ya watu ameyaachia pori.

Zamu ya dungu la mashariki ikawa haina mtu, na mfumo haukukaa bure. Sofia alikuwa kwenye kinu Abdala alipomrudishia kutoka kichuguuni simu aliyokuwa amemwazima, ameishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto. Ujumbe ulikuwa na jina lake. Mtumishi Sofia, umepangiwa dungu la mashariki. Kiwango chako: ninajua sana.

Alikaa juu ya gogo. Alikumbuka kaka yake akipangusa kioo kwa shati, na yeye amesimama na mtwango, anacheka. Akaosha mikono ya pilipili, akaenda kupiga simu.

"Sijui, Bwana Titus," akasema. "Mimi natwanga pilipili. Sijui."

"Najua kwamba hujui," Titus akasema. "Sina mtu mwingine, dada. Kila mtu kwenu anajua sana."

"Basi libaki tupu."

Likabaki tupu. Sofia alipanga matofali yake ya pilipili kwenye mpaka wa shamba, yote aliyokuwa nayo, akayawasha kabla ya magharibi. Mvua ikanyesha ikayazima.

Kulipokucha alikwenda na mama yake kuangalia. Shamba lilikuwa limelala, mabua yote yameelekea upande mmoja, na nyayo kubwa za duara zimejaa maji. Nguzo moja ya dungu ilikuwa imeng'olewa. Majirani waliokuwa wamepoteza mistari michache ya mahindi walisimama kwa mbali, na mmoja wao, bila kuficha sauti, akasema Bi Zuhra amezaa watoto watatu na ameshindwa kupata wa kukaa kwenye dungu.

Bi Zuhra alitembea mpaka katikati, akainama, akaokota gunzi moja lililobaki na punje upande mmoja. Alilifuta tope kwa kanga. Sofia alisimama nyuma yake akisubiri lawama, maana chakula cha mwaka kilikuwa kile, na mbegu ilikuwa ile.

"Hassani amekula huko Malolo?" mama akauliza.

"Sijui, mama."

"Basi nenda pale juu ya kichuguu ukamuulize."

Sofia akafungua pindo la kanga, akatoa simu, akaenda.